Ujirani wa Kidigo na Kiswahili katika Ufundishaji wa Kusoma Kwale

Makala haya yanakusudia kuhakiki dhana moja iliyozoeleka katika shule za pwani ya kusini ya Kenya: kwamba mtoto wa Kidigo, kwa kuwa lugha yake ni jirani ya Kiswahili, huingia darasa la kwanza na msamiati wa Kiswahili tayari, na kazi iliyobaki ni kumfundisha herufi tu. Hoja yetu ni kwamba ujirani huo humfaa mwalimu anayeujua, na humponza asiyeujua.

Tuanze na mafanikio, maana hayapasi kubezwa. Kati ya 2010 na 2012, mradi wa HALI uliendesha utafiti katika shule 101 za wilaya za wakati huo za Kwale na Msambweni. Upande wa afya ulihusu malaria. Upande wa kusoma uliwapatia walimu wa darasa la kwanza mafunzo, mwongozo wa vipindi, na ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha maendeleo katika kusoma. Kadhalika walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, ilhali katika shule zisizopata mpango huo walikuwa asilimia 5.3. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima tangu 2015, nao ulitegemea vitabu, miongozo na ufuatiliaji wa walimu.

Tatizo letu ni kipimo. Katika mipango ya aina hii, umahiri hupimwa aghalabu kwa idadi ya maneno yanayosomwa kwa dakika moja. Nchini Kenya msomaji stadi aliwekewa kiwango cha maneno 45 ya Kiswahili na 65 ya Kiingereza. Tofauti hiyo ni ya haki, kwani neno kama «hawatatuona» hubeba sentensi nzima. Hata hivyo, maandishi ya Kiswahili hutamkwa kama yalivyoandikwa. Mtoto aliyekwisha kuzijua silabi aweza kulitamka vizuri neno asilolielewa hata kidogo. Maswali ya ufahamu huulizwa pia, lakini kasi ndiyo inayotangazwa.

Hapa ndipo Kidigo kinapohitaji kuangaliwa. Kidigo husema madzi, mvula, njira, muhi na moho. Kiswahili husema maji, mvua, njia, mti na moto. Tofauti hizi zina utaratibu: dz ya Kidigo hukutana na j, l na r hudondoka katika maneno kadhaa, na h hukutana na t. Mwalimu akiudhihirisha utaratibu huo kwa mifano michache, mtoto hupata ufunguo wa maneno mengi kwa mpigo mmoja. Asipoudhihirisha, kila neno huwa jipya, au hudhaniwa kuwa kosa la matamshi.

Mfanano nao una hadaa zake. Katika Kidigo, kugomba ni kusema. Katika Kiswahili ni kukemea au kuteta. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili ya 2004 inaitwa Mgombato, na jina hilo halina ugomvi wowote. Mtoto akisoma kwamba mama aligomba, atalitamka neno barabara, naye atajenga hadithi nyingine kichwani. Kipimo cha kasi hakiwezi kuligundua kosa hilo.

Huenda ikasemwa kwamba madarasa si ya Wadigo watupu. Ni kweli: Diani ina watoto wa wafanyakazi kutoka bara, Kinango ina Waduruma, na Shimoni na Vanga zina lahaja za Kiswahili zilizo mbali na Kiswahili sanifu. Lakini hoja hii yazidi kututhibitishia kwamba mwongozo mmoja wa nchi nzima hautoshi. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilikwisha kupendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika miaka mitatu ya kwanza. Sera ipo; kilichopungua ni zana.

Basi yatupasa sisi wa idara za lugha tuandae orodha fupi za msamiati linganishi kwa kila eneo, pamoja na maneno ya hadaa, na tuwafunze walimu wanafunzi kuzitumia kabla hawajapelekwa Msambweni au Lunga Lunga. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuwahesabu miongoni mwa wasomaji watoto ambao, wafikapo darasa la nne na kukabidhiwa kitabu cha sayansi, watakitamka chote bila kukielewa.