Ufundi wa Kuipima Nyota

Sayari ya kwanza kupatikana ikiizunguka nyota inayofanana na Jua letu haijawahi kupigwa picha. Michel Mayor na Didier Queloz, wanafalaki wa Chuo Kikuu cha Geneva, waliitangaza tarehe 6 Oktoba 1995 mjini Florence, Italia, na mwaka 2019 wakapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na James Peebles. Siku ile ya kutangaza, ushahidi waliokuwa nao ulikuwa orodha ya namba: kasi ya nyota iitwayo 51 Pegasi, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 50 kutoka hapa, ilivyopimwa usiku baada ya usiku. Namba zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, na kila baada ya siku 4 na saa chache zilirudi pale zilipoanzia. Kwa namba hizo tu watu wawili walisimama mbele ya wenzao wakasema kwamba pale pana sayari.

Ugunduzi huo umesifiwa vya kutosha. Ninachotaka kukisifu mimi ni ufundi uliowapa uhakika wa kusema walichosema, maana naona ni mojawapo ya kazi safi kabisa zilizowahi kufanywa na binadamu, na ni wachache wanaojua inavyofanyika.

Nyota hung'aa mno, na sayari iliyo karibu nayo humezwa na mwanga huo. Lakini sayari ina uzito, na uzito huvuta. Mtu mzima anayemzungusha mtoto kwa kumshika mikono hawezi kusimama wima. Huegemea nyuma, na miguu yake huchora duara dogo pale chini. Nyota nayo huchora duara lake dogo. Inapokuja upande wetu, mawimbi ya mwanga wake hubanana kidogo na kuelekea rangi ya buluu; inaporudi nyuma, mawimbi hutanuka na kuelekea wekundu. Mwenye kuweza kupima mbanano huo anaijua kasi ya nyota, na mwenye kuijua kasi hiyo kwa muda mrefu anaujua uzito wa kitu kinachoivuta, walau kiwango chake cha chini.

Shida ni udogo wa kasi yenyewe. Mshtarii, ulio mkubwa kuliko sayari zetu zote, huliyumbisha Jua kwa mita 12 hivi kwa sekunde. Dunia yetu huliyumbisha kwa sentimita 9 tu. Yumbo la 51 Pegasi halifiki hata mita 60 kwa sekunde. Na anayepima hajasimama mahali pamoja: Dunia inamchukua kulizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, na kule kusini mwa Ufaransa walikopimia, kujizungusha kwa Dunia peke yake kunaongeza zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Yote hayo lazima yahesabiwe na kuondolewa, kwa saa na dakika halisi ambayo mwanga uliingia kwenye darubini, ndipo kibaki kile kidogo kilicho cha nyota. Kila nikiifikiria hesabu hiyo naona heshima ya kazi hii ilipo: kitu kinachotafutwa ni kidogo mara mia kadhaa kuliko mwendo wa mtafutaji mwenyewe.

Mayor hakuanza na sayari. Alizaliwa mwaka 1942, na utafiti wake wa uzamivu, aliouhitimisha mwaka 1971, ulihusu mikono ya galaksi inayojipinda. Kazi hiyo ilimfanya atake kujua nyota zinavyokwenda, na kutaka huko kukamfanya atafute kifaa. Njia ilikuwa imeshaonyeshwa Cambridge, Uingereza, na Roger Griffin, katika miaka ya 1960.

Njia hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanga wa nyota ukichambuliwa hutandazwa kuwa ukanda mrefu wa rangi, na ndani ya ukanda huo mna maelfu ya mistari myembamba myeusi, alama za chuma na elementi nyingine zilizomo katika hewa ya nyota. Mstari mmoja peke yake ni hafifu, kingo zake zimefifia, hauwezi kukupa kasi ya kuaminika. Griffin alitengeneza bamba lenye matundu yaliyopangwa sawasawa na mistari ya nyota, akalitelezesha taratibu mbele ya ukanda. Bamba linapofika pale ambapo matundu yote yameangukia mistari yote kwa pamoja, mwanga unaopita hushuka ghafla. Hapo ndipo penye kasi ya nyota. Mistari mingi isiyotegemeka mmoja mmoja imetoa ushahidi mmoja, na ushahidi huo una nguvu.

Mayor alishirikiana na André Baranne, fundi wa vioo na mwanga kutoka Marseille, wakajenga kifaa kilichoitwa CORAVEL, kilichoanza kazi mwaka 1977. Kilipima kasi kwa usahihi wa mita 300 hivi kwa sekunde. Kwa sayari hakikufaa, ila kwa nyota zinazokwenda mbili mbili kilifaa sana, na kwa miaka mingi Mayor alizipima hizo. Mwaka 1991, yeye na Antoine Duquennoy walichapisha uchunguzi wa nyota zinazofanana na Jua ambao wanafalaki waliutegemea kwa miaka mingi iliyofuata. Naitaja miaka hiyo kwa sababu masimulizi ya ugunduzi huiruka. Mtu alikuwa akipima wenza wa nyota, kila mara wadogo zaidi ya wale wa kabla yake, na mkono wake ukizoea.

Kisha Baranne akachora kifaa kingine, ELODIE, kilichofungwa mwaka 1993 kwenye darubini ya kioo cha sentimita 193 huko Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Mwanga ulifika kwenye kifaa kwa nyuzi mbili za kioo. Mmoja ulileta mwanga wa nyota, na wa pili ulileta mwanga wa taa ya thoriamu, ambayo mistari yake inajulikana vizuri. Baridi ikiongezeka, au kanieneo ya hewa ikibadilika, kifaa husogea kidogo, na kusogea huko hutokea kwenye nyuzi zote mbili kwa pamoja. Taa ya thoriamu husema ukweli na kosa huondolewa. Bamba la matundu sasa lilikuwa ndani ya kompyuta, na programu yake iliandikwa na Queloz, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu. Dakika chache baada ya darubini kumaliza kukusanya mwanga, kasi ya nyota ilikuwa kwenye skrini. Usahihi ulikuwa mita 13 kwa sekunde.

Walichagua nyota 142. Mayor alikuwa Hawaii kwa likizo ya utafiti, na Queloz alibaki na darubini peke yake. 51 Pegasi ilimtia wasiwasi mapema: kasi yake haikutulia. Mawazo yake ya kwanza yalikwenda kwenye programu aliyoiandika mwenyewe. Akaikagua, akapima tena, akakagua tena. Ukitaka kujua kwa nini alihofu, fikiria matokeo yalikuwa yanadai nini: kitu chenye nusu ya uzito wa Mshtarii, kinachoizunguka nyota yake kwa siku 4.23, katika umbali wa takriban sehemu moja ya ishirini ya ule uliopo kati yetu na Jua. Mshtarii wenyewe huchukua karibu miaka 12 kukamilisha mzunguko mmoja. Wataalamu waliamini kwamba sayari kubwa huumbwa mbali na nyota, kwenye baridi. Otto Struve aliandika mwaka 1952 kwamba hakuna kinachozuia sayari kubwa kuwa karibu sana na nyota yake, lakini maneno yake hayakusikilizwa.

Walifanya nini basi? Walisubiri. Tangu Machi 1995 nyota ile ilipotea kwenye mng'ao wa Jua. Wakakokotoa mapema kasi itakavyokuwa itakapoonekana tena, usiku huu kiasi hiki, usiku ule kiasi kile. Julai wakarudi Haute-Provence pamoja na familia zao, wakapima, na namba zikaangukia pale pale walipokuwa wamezitabiri. Ndipo wakaandika. Kukubali kuaibishwa na vipimo vyako mwenyewe kabla hujamwambia mtu: huu ndio ufundi ninaousema.

Na wapo waliokuwa na ufundi huo huo bila kupata sifa. Gordon Walker na Bruce Campbell wa Kanada walipima nyota zisizozidi dazeni mbili hivi kwa miaka 12 kutoka kilele cha Mauna Kea, Hawaii, wakipitisha mwanga kwenye chombo chenye gesi ya haidrojeni floraidi, ambayo ni sumu kali. Usahihi wao haukuwa nyuma ya ule wa ELODIE. Mwaka 1995, miezi michache kabla ya tangazo la Florence, walichapisha kwamba hawakuona sayari yoyote kubwa kama Mshtarii. Sasa tunajua kwamba sayari za aina ya ile ya 51 Pegasi hupatikana kwa takriban nyota moja katika kila mia, kwa hiyo orodha fupi kama yao ilikuwa na nafasi ndogo ya kuangukia moja. Katika nyota ya Gamma Cephei waliona dalili mwaka 1988, kisha wakaamua kwamba huenda ni nyota yenyewe inayojizungusha. Mwaka 2003 watafiti wengine walithibitisha kwamba ni sayari. Siwahesabu kuwa walishindwa. Walikuwa na dalili isiyotosha, wakasema haitoshi.

David Gray, naye wa Kanada, alidai mwaka 1997 katika jarida la Nature kwamba mistari ya 51 Pegasi inabadilika umbo, jambo ambalo lingemaanisha kwamba nyota inapumua na sayari haipo. Alipima upya kwa usahihi zaidi, akaona mabadiliko hayo hayapo, na mapema mwaka 1998 akayachapisha matokeo hayo katika jarida lile lile. Sayari ikabaki, tena imara kuliko mwanzo.

Kundi la Geneva lenyewe lilipitia hayo. Kwa kifaa chao cha CORALIE, kilichopo La Silla, Chile, walipata sayari kwenye nyota ya HD 83443, na mwaka 2000 wakatangaza kwamba kuna ya pili, yenye mzunguko wa siku 30 hivi. Vipimo vilipozidi, ile ya pili haikuthibitika, na wao wenyewe wakaandika hivyo. Ya kwanza ipo, na sisi wa Afrika Mashariki tuna uhusiano nayo: mwaka 2019, nchi zilipoalikwa na Umoja wa Kimataifa wa Falaki kuzipa nyota na sayari majina, HD 83443 ilikwenda Kenya, ikaitwa Kalausi, na sayari yake Buru. Tanzania ilipewa WASP-71, ikaiita Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Uzito wa sayari hiyo pia ulipimwa kwa CORALIE.

Leo sayari zinazojulikana nje ya mfumo wa Jua zimezidi 5,000, na nyingi zimepatikana kwa njia nyingine, ya kutazama nyota inavyofifia kidogo sayari ikipita mbele yake. Lakini kufifia hakusemi uzito, na mpima kasi bado anaitwa. HARPS, kifaa kilichoanza kazi La Silla mwaka 2003, kimefungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa, halijoto yake ikishikiliwa isibadilike hata kwa sehemu ya mia ya digrii, kwa sababu mita moja kwa sekunde ni kusogea kwa mstari kwa takriban sehemu moja ya elfu ya pikseli. Sasa lengo ni zile sentimita 9 za Dunia, na hapo adui amekuwa nyota yenyewe: uso wake unatokota, una madoa, na mchemko wake una kasi kubwa kuliko yumbo linalotafutwa.

Queloz na wenzake wamepanga kuutumia mrithi wa kifaa hicho, HARPS3, kwenye darubini ya Isaac Newton iliyopo La Palma, kupima nyota 40 hivi kila usiku zinapoonekana kwa miaka 10. Muda huo haupunguziki. Sayari iliyo kama Dunia huizunguka nyota yake mara moja kwa mwaka, na anayetaka kuona mizunguko mitatu ya kutosha kuondoa shaka atasubiri miaka mitatu, hata awe na kifaa gani.