Utubora alipata wapi shamba?

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua: “Profesa, Utubora alipata wapi shamba?”

Tulikuwa tukijadili Utubora Mkulima, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka wa 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora anaacha kazi nzuri ya mjini, kazi ambayo wengi wetu tungeipigia magoti, anakwenda Busutamu kulima. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeifundisha riwaya hii kama sifa ya utu na kazi ya mikono. Ndivyo ilivyo. Lakini kumbe nilikuwa nikiisoma nusu.

Ardhi ya Busutamu ni pole mno. Humpokea ajaye bila kumuuliza maswali. Majaribu ya Utubora ni ya moyo, si ya mipaka, ndiposa Shaaban Robert anaweza kuufanya ukulima kuwa suala la tabia njema tu.

Linganisha na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi. Humo shamba lina mwinyi wake, na Kijakazi anamtumikia kwa uaminifu unaomuumiza msomaji. Nani atamsifia Kijakazi kurudi shamba? Hakuwahi kuondoka! Shafi anauliza kwanza shamba ni la nani, na kwa hilo namwona kamzidi mkongwe wetu, ingawa kwa usanii wa sentensi sidhani.

Lugha yenyewe haijaamua. Unguja, shamba ni kule nje ya mji, na kutoka hapo tukapata mshamba, ambalo ni tusi. Sisi Wakenya tunasema mashambani, au ushago, tukimaanisha kwetu. Vitabuni mkulima ni shujaa. Kwenye matatu, ukishangaa magorofa, wewe ni mshamba.

Nayasema haya kwa kuwa yananihusu. Naishi Kileleshwa, orofa ya sita, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba za chini zenye bustani na sasa ni fleti kwa fleti. Nilikulia kwenye ekari nne za babangu huko Kakamega: mahindi, maharagwe, ng’ombe wawili. Kustaafu kumekaribia, nami nimekuwa nikijiona Utubora. Desemba nilienda kutazama. Tumezaliwa saba, kwa hivyo kila mmoja anapata nusu ekari na ushee, ukisahau makaburi. Sisi wanaume tulizunguka tukionyeshana mipaka. Dada zetu wawili walikuwa jikoni wakitupikia, na hii ni miaka mingi baada ya Katiba ya 2010 kukataza ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu, sikuwaita.

Kitinda mimba wetu, ambaye ndiye amelima pale miaka yote hiyo, alinisindikiza hadi barabarani. “Kaka,” akaniuliza, “unarudi kulima ama unarudi kuzikwa?” Nikacheka. Yeye hakucheka.

Yule mwanafunzi nimemshauri aligeuze swali lake kuwa tasnifu. Nimemwambia aanze na wakazi wa Busutamu waliokuwa wakilima kabla Utubora hajafika, aone riwaya imewapa sentensi ngapi.