Marks & Spencer walivyowafungia mlango wateja wao

Duka la mtandaoni la Marks & Spencer lililozinduliwa Februari 2014 liliandaliwa vizuri kwa miaka mitatu, likaharibiwa mlangoni. Kuhama mfumo wa Amazon waliokuwa wakiutumia tangu 2007 kulikuwa sahihi, na picha kubwa za nguo zilikuwa kazi safi. Lakini katika mradi wa pauni milioni 150, kuna mtu aliyekubali wateja milioni 6 waliokwisha kuwa na akaunti waambiwe wajisajili upya. Nasema mapema: uamuzi ule ulikuwa kosa, na hakuna picha ya koti inayoweza kuufidia.

Turudi kwenye tukio lenyewe. Mteja wa miaka mingi anaingia kutafuta sweta. Anaandika baruapepe yake na nywila aliyoizoea. Haitambuliki. Mtu aliyekuja na nia ya kulipa anageuzwa mgeni na kupewa fomu ya kujaza. Wangapi watajaza? Wengine watasema wataifanya jioni, na jioni hiyo haifiki.

Najua utetezi wa mafundi, na una ukweli ndani yake. Nywila haihifadhiwi kama ilivyoandikwa. Hupitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma, ikabaki alama tu. Mfumo mpya ukikosa hesabu ile au alama zile, nywila ya zamani imekufa. Sawa. Ila nywila si akaunti! Jina, anwani na oda za nyuma ni kumbukumbu za kawaida za kuhamishwa. Zikishahamishwa, mteja anatumiwa kiungo kwenye baruapepe, anabonyeza, anaweka nywila mpya, anaendelea na kapu lake. Kama kikwazo kilikuwa mkataba, miaka mitatu ilitosha kukaa mezani na kudai kumbukumbu hizo. Hata zingekosekana zote, bado ungemwacha mtu alipe kwanza, halafu kwenye ukurasa wa shukrani umwombe achague nywila. Muuza duka anayehamia jengo jipya hubeba daftari la wateja kabla ya rafu.

Matokeo mnayajua. Katika wiki 13 zilizoishia 28 Juni 2014, mauzo ya mtandaoni yalishuka kwa asilimia 8.1. Uongozi wa mkurugenzi mtendaji Marc Bolland ukasema tovuti inahitaji muda wa kutulia.

Nimelalamika miaka yote kuhusu maduka ya nguo yanayosanifiwa kuanzia picha ya kwanza kwenda chini, ukurasa wa malipo ukiachiwa wiki ya mwisho. Boo.com, duka la nguo la mtandaoni, walituonyesha mapema: 1999 walimletea mnunuzi aliyetumia modemu kurasa nzito na msichana wa katuni wa kumshauri, na Mei 2000 walikuwa wamefunga. Mwaka huohuo wa 2000 Natalie Massenet, mwandishi wa mitindo, alianzisha Net-a-Porter, na mpaka leo sijaona aliyemzidi. Kwake jarida na duka vilikuwa kitu kimoja: gauni unalolisoma ndilo unalolinunua. Marks & Spencer nao walileta makala na ushauri wa mavazi, wakachukua sura ya jarida, wakaacha nidhamu ya kumfikisha msomaji kwenye malipo bila kumsimamisha.

Wanaowatetea hunionyesha robo iliyoishia Machi 2015, mauzo yalipopanda kwa asilimia 13.8. Tazameni yanalinganishwa na nini: robo ileile ya mwaka uliotangulia, ambayo ndani yake ndimo tovuti mpya ilimozinduliwa. Ukipima kutoka shimoni, kila hatua inaonekana ni mlima. Takwimu ninayoitaka ni nyingine, nayo ni wangapi kati ya wale milioni 6 walirudi kununua kwa akaunti mpya. Hiyo ndiyo ingepaswa kuwekwa mbele ya wanahisa.