Malalamiko Dhidi ya Mwenye Funguo

Malalamiko ya kwanza yalitufikia kwa WhatsApp, saa tatu usiku, umeme umekatika kartie nzima. Binti mmoja wa kikundi chetu cha programu huria hapa Lubumbashi alituma picha ya maoni aliyoandikiwa chini ya msimbo wake: "Hata mtoto wa primeri angeandika vizuri kuliko wewe." Aliyeyaandika ni mtunzaji mkuu wa mradi, mwenye funguo za hazina yetu ya msimbo, na sote tunamwita yaya, maana Kiswahili cha hapa humpa jina hilo kaka au dada mkubwa. Jibu la kwanza kuingia lilikuwa: "Msamehe tu, si ni yaya yako?"

Kanuni za mwenendo tulikuwa nazo. Tulizinakili, kama wafanyavyo wengi, kutoka Contributor Covenant, waraka ulioanzishwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014. Toleo lake la 2020 lina ngazi nne: kusahihishwa, kuonywa, kusimamishwa kwa muda, kufukuzwa. Lakini pale chini, kwenye mstari wa "peleka malalamiko kwa", tulikuwa tumeweka anwani moja tu, na ilikuwa ya yaya mwenyewe.

Kabla ya kugusa chochote tulikaa na kesi ya mkutano wa JupyterCon wa Oktoba 2020. Jeremy Howard wa fast.ai alitoa mhadhara wa kuzitetea daftari za Jupyter, zinazochanganya msimbo na maelezo, akimjibu Joel Grus aliyezikosoa katika mkutano huohuo mwaka 2018. Watu wakalalamika kwamba mhadhara ule umevunja kanuni. Kwa maelezo ya Howard, aliyoyatoa mwezi uleule, NumFOCUS, shirika lililo nyuma ya mkutano, lilimwita mazungumzoni bila kumwambia mapema ameshtakiwa kwa neno lipi, na huko akaambiwa amekwisha kuonekana mkosaji kabla hajasema lake. Siku chache baadaye shirika likamwomba radhi hadharani.

Sioni nia mbaya pale. Waliopokea malalamiko walitaka kuwalinda waliolalamika, na ni haki yao kulindwa. Walichokosea ni mpangilio wa hatua: hukumu ilitangulia, utetezi ukafuata. Pia kuficha jina la mlalamikaji ni jambo moja, kuficha lalamiko lenyewe ni jambo lingine kabisa. Mlalamikiwa anaweza kuishi bila kujua nani kasema. Hawezi kujitetea bila kujua ni maneno gani, aliyasema wapi, na yanagusa kifungu kipi.

Kwetu sisi watu kumi na wawili, jina halifichiki. Ukitaja maneno umeshamtaja mtu. Kwa hiyo tulianza na binti: unaruhusu tuoneshe nini? Akakubali maoni yatajwe, kwa kuwa yako wazi. Akakataa kukalishwa chumba kimoja na yaya. Wazee wawili wa kikundi waliona ugumu hapo, maana baraza tulilokulia huwaweka wagombanao uso kwa uso na humalizika kwa kupeana mikono. Mimi nilisimama na binti. Mbele ya yaya, mdogo hunyamaza, na ukimya wake huhesabiwa msamaha.

Tukachagua watatu. Mmoja akajitoa, kwa sababu anafanya biashara na yaya, akaingia mwingine. Tukaandika ukurasa mmoja: tarehe, maneno yenyewe, kifungu. Yaya akapewa siku mbili ajibu kwa maandishi. Alisema binti amerudisha kosa lilelile mara tatu. Tulifungua kumbukumbu za mradi tukazihesabu: kweli, tatu. Hapo tuligawa kesi mafungu mawili. Kuhusu msimbo, yaya alikuwa sahihi, na uamuzi wetu ukasema hivyo waziwazi. Kuhusu maneno, alikosa. Maoni yakafutwa, akapata onyo la maandishi, na kwa miezi mitatu msimbo wa binti unakaguliwa na mtu mwingine.

Baraza kama letu si geni hapa: mji huu una historia ndefu ya mabaraza ya wageni kwa wageni. Ulipokuwa bado Elisabethville, amri ya 1931 ilileta vile vituo vilivyoitwa centres extra-coutumiers, yaani vituo vya nje ya mila, vyenye mahakama zake. Mtu wa Kasai na mtu wa Luapula walikutana hapo na desturi zisizofanana, na waamuzi wa makabila mbalimbali ikabidi watafute sheria ya mjini. Kuanzia 1933 jarida la kisheria lililotolewa hapahapa lilichapisha hukumu za mahakama za aina hiyo, hivyo mwamuzi wa mbali aliweza kuona shauri kama lake liliamuliwaje. Miradi mingi ya programu huria haijafika hapo. PyCon US, mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python, hutoa taarifa ya malalamiko iliyopokea na hatua ilizochukua, bila majina, nami natamani kila mradi uige.

Ila mahakama zile zilikuwa za Mwafrika dhidi ya Mwafrika. Mwajiri wa Kizungu hakushtakiwa pale. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière walipogoma wakidai mshahara, dai lao halikuwa na baraza, na tarehe 9 wanajeshi wakawamiminia risasi. Silinganishi damu ile na maneno ya kwenye kompyuta. Naangalia umbo la mlango: ulikuwa wazi kwa kesi za chini, umefungwa kwa kesi ya aliyeujenga.

Waliolisema hilo kwa sauti katika programu huria ni wasimamizi wa mwenendo wa mradi wa lugha ya programu ya Rust. Tarehe 22 Novemba 2021 walijiuzulu wote kwa pamoja, wakieleza kwamba timu kuu ya mradi haiwajibiki kwa yeyote ila kwa nafsi yake. Ilichukua hadi Juni 2023 kuundwa kwa baraza jipya la uongozi, na katiba yake inataka kuwe na wasimamizi wa akiba, walio nje ya baraza na nje ya timu ya usimamizi, wanaoweza kuitwa kukagua maamuzi.

Nasi tumeibadili ile anwani. Sasa malalamiko yanakwenda kwa watu wawili, na wa pili yuko Kolwezi, hajawahi kuonana na yaya. Mabadiliko hayo yaliingizwa kwenye hazina na yaya mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kuyaingiza. Funguo bado ziko kwake peke yake. Tumepanga kukutana Jumamosi kulizungumza hilo, na binti amesema atakuja.