Lubaina Himid na Kanga Isiyosema Kiswahili

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, na mama yake, Mwingereza, akarudi naye kwao akiwa na umri wa miezi michache tu. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Wengi wetu tulifurahi tukasema, "Huyu ni wetu." Inafaa tuitazame kazi yake kabla ya kudai udugu.

Himid huchora juu ya vitu vya kila siku: sahani, bakuli, droo za makabati. Katika Swallow Hard ya mwaka 2007 alikusanya vyombo vya mezani vikuukuu 100, akachora juu yake watumishi weusi na matajiri wa Lancaster, bandari ya Kiingereza iliyoneemeka kwa biashara ya utumwa. Hakuna hotuba hapo. Sahani yenyewe inamwuliza mwenye nyumba chakula chake kililipiwa na nani. Nguvu ya brashi yake ndiyo hiyo: rangi kali zisizobembeleza, juu ya kitu ambacho mkono umeshazoea kukishika.

Lakini kazi inayotugusa zaidi ni Metal Handkerchief ya mwaka 2019. Ni michoro ya zana za fundi juu ya mabamba ya chuma, iliyopangwa kama kanga: pindo, mji, na maneno. Aliyelelewa na bibi wa Unguja ataitambua mara moja. Akisoma maneno, atashangaa. Ni ya Kiingereza, yenye lugha ya miongozo ya usalama kazini. Jina la kanga kwetu humlenga mtu, awe mume, jirani au mke mwenza. Haya yanamlenga kila mtu, na kwa hiyo hayamchomi yeyote.

Mwanzoni tuliona hiyo ni kasoro. Sasa tunaona ni uaminifu. Himid hakuazima methali asiyolelewa nayo. Alichukua umbo alilorithi, akalijaza lugha aliyokulia. Wangapi kati ya watoto wetu, Muscat au London, wanaweza kuusoma ujumbe wa kanga zilizokunjwa sandukuni mwa bibi zao? Tusimlaumu mchoraji aliyeondoka Unguja hajaanza kusema. Tuzifungue kanga hizo, tuwasomee.