Nyuma ya Sisimizi wa Maharès

Mwaka 1969 Rüdiger Wehner, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Zurich, alifika Maharès, mji mdogo wa pwani kusini mwa Tunisia. Akawa mtu wa kurudi huko kiangazi baada ya kiangazi, kwa miongo kadhaa. Kilichomvuta ni sisimizi wa jamii ya Cataglyphis, mwenye miguu mirefu, anayetoka tunduni wakati jua linachoma na viumbe wengine wamejificha. Riziki yake ni wadudu waliouawa na joto. Huzunguka huku na huko akiwatafuta, na akimpata mmoja hafuati tena nyayo zake: hukata moja kwa moja mpaka kwenye tundu lake. Kuna mmoja aliyetembea mita 592 akitafuta, akarudi nyumbani kwa mita 140.

Njia hiyo ilipimwaje? Hapa ndipo ninapomvulia mzee huyu kofia. Ardhi ya kule ni ngumu na tambarare. Juu yake ilichorwa mistari ya rangi nyeupe iliyokatana, uwanja mzima ukawa miraba. Mtafiti alishika ubao, karatasi yenye miraba hiyo hiyo iliyopunguzwa, na penseli. Sisimizi alitiwa nukta ya rangi mwilini ili asipotee kati ya wenzake. Alipoondoka, mtu alimfuata kwa nyuma bila kumghasi, na kila mstari uliovukwa chini ulivukwa karatasini. Mdudu akisita, penseli husita. Akipinda, hupinda. Mkono wenye haraka ungenyoosha kona ambayo sisimizi hakuinyoosha, na kazi yote ingeharibikia hapo. Mwindaji wa aina hii, akishaanza kutoka nje, huishi kama siku sita tu, kwa hiyo kila safari yake ilistahili kuchorwa vizuri.

Kisha likaja jaribio lililo rahisi kulieleza. Sisimizi aliyekwisha kupata chakula hukamatwa, hupelekwa uwanja mwingine wa mbali, huachiliwa. Huondoka kuelekea upande ule ule ambao angeufuata kama hakuhamishwa, hutembea umbali ule ule, kisha huanza kuzunguka akitafuta tundu ambalo halipo. Maana yake ni kwamba anabeba ndani yake vitu viwili: upande na umbali. Wehner alivichunguza kimoja kimoja.

Kuhusu upande, alikuwa na mtangulizi. Felix Santschi, daktari Mswisi aliyekuwa akitibu watu Kairouan, huko huko Tunisia, mwaka 1911 aliwakinga sisimizi na jua, akawamulika kwa kioo kutoka upande wa pili. Wakageuza njia. Lakini hata walipoona kipande tu cha anga, jua lenyewe likiwa limefichwa, hawakupotea. Wehner alitengeneza kigari cha kusukuma kwa mkono, chenye vichujio vya mwanga juu yake. Msukumaji alikwenda kwa mwendo wa sisimizi, akimweka katikati daima, huku mdudu akiona sehemu ya anga aliyoruhusiwa tu. Akaonyesha kwamba ukingo wa juu wa jicho lake husoma mpangilio wa mitetemo ya mwanga wa anga, mwanga wa polaraizesheni, ambao sisi hatuutambui kwa macho matupu. Ukingo huo ukizibwa kwa rangi, dira hiyo huzimika.

Umbali ulichelewa kutoa siri yake. Mwaka 2006 Wehner, Matthias Wittlinger na Harald Wolf walieleza jaribio ambalo sichoki kulitafakari. Sisimizi walizoeshwa kutembea ndani ya mfereji wa mita 10 kutoka tunduni hadi kwenye chakula. Walipofika walikamatwa. Hebu fikiria mikono iliyofanya yaliyofuata: mdudu ana miguu sita, kila mmoja mwembamba kuliko uzi, na kwa kila mguu ubandikwe unywele mgumu wa nguruwe kwa gundi, uwe mguu wa mironjo. Gundi isifike kwenye kiungo, wala mdudu asivunjike. Tena akiachiliwa awe bado na hamu ya kubeba chembe ya chakula kwenda nyumbani. Wengine walikatwa miguu ikawa mifupi.

Wenye mironjo walipitiliza, wakaanza kutafuta tundu kwenye mita 15 hivi. Wenye miguu mifupi waliishia kabla ya mita 6. Idadi ya hatua ilikuwa ile ile, urefu wa hatua ndio uliobadilika. Baadaye sisimizi hao waliachwa watoke wenyewe tunduni wakiwa na miguu yao mipya, waende kwenye chakula na kurudi. Safari hii makundi yote mawili yalitafuta tundu karibu na mita 10.