Sindano Mbili na Bakuli la Maji

Kuna ufundi mdogo wa nyumbani unaostahili sifa kubwa kuliko zile unazopewa, nao ni ufundi wa kugeuza ncha za sumaku na kuthibitisha kwamba kweli zimegeuka. Vifaa vyake ni sindano mbili za kushonea, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, bakuli la plastiki lenye maji, na vipande vyembamba vya kandambili vya kuzifanya sindano zielee. Sindano husuguliwa kwa uso mmoja wa sumaku kutoka tunduni hadi kwenye ncha kali, mara nyingi, kwa mwelekeo uleule, na sumaku huinuliwa kila mkono unaporudi. Ikiwekwa majini hujizungusha ikalala kaskazini na kusini. Huku kwetu karibu na ikweta hufanya hivyo kwa wepesi kuliko Uingereza, kwa kuwa nguvu ya sumaku ya dunia inayovuta kwa ulalo ni kubwa zaidi hapa. Ukisugua tena vilevile kwa uso wa pili wa sumaku, ncha kali iliyotazama kusini itatazama kaskazini. Kusugua ni kazi ya yeyote. Ufundi wenyewe unaanza pale mtu anapojiuliza atajuaje kwamba hakudanganyika.

Hapo ndipo wengi huharakisha. Husogeza sumaku ya spika karibu na sindano, wakaona imevutwa, wakasema ncha zimegeuka. Lakini kuvutwa hakuthibitishi kitu: sindano isiyo sumaku kabisa huvutwa na ncha zote mbili. Ushahidi wa kweli ni kusukumwa, kwa sababu chuma cha kawaida hakisukumwi na sumaku. Kwa hiyo fundi mwangalifu husugua sindano zote mbili kwa namna moja, akatia rangi ya kucha kwenye ncha kali za zote, akaona majini kwamba ncha hizo zinakimbiana. Kisha hugeuza moja tu. Sasa ncha kali zinavutana, naye bado haridhiki. Hutafuta msukumo mpya, kati ya ncha kali ya sindano iliyogeuzwa na tundu la mwenzake. Ukipatikana, jambo limethibitika. Usipopatikana, huenda sindano imepoteza usumaku tu, maana chuma cha pua hukaidi, na misuguo michache yaweza kuufifisha usumaku wa awali bila kuugeuza. Zaidi ya hayo, sumaku ya spika haifai kuwa shahidi hata kidogo: ina nguvu ya kuigeuza sindano wakati uleule inapoipima. Kipimo kinachobadilisha kinachopimwa ni hatari ya kila maabara duniani, na hapa mtoto wa darasa la sita anaweza kuiona na kuikwepa kwa kupima sindano kwa sindano.

Sindano hizi zinatufundisha pia jinsi tunavyojua kwamba ncha za sumaku za dunia yenyewe ziliwahi kugeuka. Atatokea wa kupinga, na pingamizi lake lina uzito. Dunia haina kipande cha sumaku tumboni. Uga wake wa sumaku huzalishwa na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka katika kiini cha nje, na hakuna mkono uliokuja kuisugua ikageuka mara ya mwisho, yapata miaka 780,000 iliyopita. Bakuli la maji linatuambia nini kuhusu hayo? Kuhusu chanzo, haliambii kitu, na fundi mwaminifu hadai. Lakini tulijuaje kwamba dunia iligeuka? Hakuna aliyekuwepo na dira. Tuliambiwa na miamba. Mwaka 1906 Bernard Brunhes alitangaza kwamba huko Ufaransa amekuta lava ya kale, na udongo ulioungua chini yake, vyenye usumaku unaoelekea kinyume na wa leo. Mwaka 1929 Motonori Matuyama, Mjapani, alionyesha kwamba mwelekeo huo unafuatana na umri wa miamba. Ushahidi wote umesimama juu ya tabia moja ya madini ya chuma, kwamba hushika mwelekeo yaliopewa na kubaki nao. Tabia hiyo ndiyo inayopimwa bakulini. Sindano haiigizi dunia. Inamkagua shahidi wake.

Wapo pia watakaosema kwamba yaliyokwisha kuandikwa vitabuni hayana haja ya kurudiwa jikoni. Kitabu humpa msomaji jibu, lakini mashaka yaliyolizaa hayapiti kwa urahisi kwenye karatasi. Ajuaye kwa nini alidai msukumo badala ya mvuto ataelewa pia kwa nini wanajiolojia waliyashuku kwanza mawe yenyewe kabla ya kuishuku dunia: baadhi ya madini, yakipoa, hujigeuza yenyewe bila dunia kugeuka. Ilibidi miamba ya aina mbalimbali, kutoka mabara mbalimbali, ikubaliane kwa umri. Mmoja wa mashahidi hao yuko Tanzania. Mwaka 1963 watafiti Grommé na Hay walieleza kwamba basalti ya chini katika Bonde la Olduvai ina mwelekeo kama wa leo, ingawa iliganda katikati ya enzi ndefu ya ncha zilizogeuka. Kipindi hicho kifupi cha mwelekeo kama wa leo, cha karibu miaka milioni 1.9 iliyopita, kinaitwa Olduvai katika kalenda ya miamba inayotumiwa na wanajiolojia wa dunia nzima. Walimu wa sayansi wa Tanzania, anzeni somo la sumaku kwa sindano mbili, kisha wapelekeni wanafunzi Olduvai, hata kama ni kwa ramani tu ubaoni.